Jembe la Adhabu na Darasa la Nje

Katika shule nyingi za wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, neno "nje" lina maana mbili, wala hapana hata moja iliyo njema. Nje ni mahali apelekwapo mkosaji: aliyechelewa paredi hufyeka majani, aliyepiga kelele hung'oa kisiki, na aliyekosa hesabu hupewa dumu akachote maji mtoni. Tena nje ni mahali pa mtoro, yule asiyependa kitabu, ambaye humtajwa kwa dharau kuwa ni mchunga ng'ombe tu. Mtoto akaaye miaka saba katika mafunzo ya namna hii hutoka akiamini kwamba elimu ni kitu kikaacho baina ya kuta nne, na kwamba mlima, mto, nyika na shamba ni vitu vya mjinga au vya mwenye hatia. Nadai kwamba imani hiyo ni ya uongo, kwamba imefundishwa na shule zenyewe, na kwamba katika wilaya hizi mbili, kuliko mahali pengi pengine katika Tanzania, uongo huo unalipiwa damu.

Damu naitaja kwa makusudi. Vijiji vya mashariki vya wilaya hizi vimepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, yenye eneo la kilometa za mraba 14,763, na ambayo mwaka 1981 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wako vijana wa vijiji hivyo wakamatwao na mitego ya nyaya ya kunasia nyumbu, na wako walioingia porini wasirudi. Wako pia askari wa wanyama waliouawa wakiwa kazini. Si ajabu askari na mjangili wakawa vijana wa lugha moja, waliokaa dawati moja na kuonyeshwa na mwalimu mmoja picha ile ile ya twiga iliyobandikwa ukutani. Mmoja alipata ajira, mwenziwe hakupata. Lakini juu ya mnyama mwenyewe, jinsi aishivyo, aendako, na nani ana haki gani juu yake, hakuna kati yao aliyefundishwa neno la kutosha kumwezesha kupima. Sisemi kwamba somo moja la porini lingaliwaokoa. Umaskini una nguvu kuliko somo. Nasema kwamba shule iliyojengwa mlangoni pa jambo kubwa kama hili, ikakaa kimya juu yake miaka nenda miaka rudi, haiwezi kujivua.

Nchi yenyewe msomaji aijue kidogo. Mto Mara ndio uzigawao wilaya hizi. Kaskazini ya mto ni Tarime, nchi ya vilima na mvua, penye mahindi, ndizi, ulezi, mihogo na kahawa, ikipakana na Kenya pale Sirari. Rorya, iliyokuwa sehemu yake, ilijitenga kuwa wilaya mwaka 2007. Kusini ya mto ni Serengeti, na makao yake makuu ni Mugumu. Wakurya wako pande zote mbili. Wangoreme, Wanata, Waikoma na Waisenye wako kusini. Hao wote ni jirani wa pori ambalo sifa zake zimejaa dunia nzima. Filamu ya Bernhard Grzimek wa Frankfurt na mwanawe Michael juu ya Serengeti ilitoka mwaka 1959, mwaka ule ule Michael alipokufa kwa ajali ya ndege, na mwaka 1960 ikapewa tuzo ya Oscar huko Marekani. Basi watoto wa Ujerumani wamekuwa wakiwatazama nyumbu wa Serengeti kwa zaidi ya miaka 60. Hapa Mugumu magari ya watalii hupita mbele ya madirisha ya shule, na ndani ya shule hizo wako watoto wa darasa la saba ambao hawajapata kuvuka lango la hifadhi hata siku moja. Mgeni hulipa fedha nyingi kuja kutazama; mwenyeji aliyezaliwa hapo hujua habari za nyumbu kwa nyama yake tu, na nyama hiyo huliwa mlango ukiwa umefungwa.

Nitatoa mfano wa somo moja, ili ionekane ya kuwa sizungumzi habari za matembezi ya kustarehe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki ikaua ng'ombe wengi mno, na nyati na nyumbu pamoja nao, hata watu wakafa kwa njaa. Ugonjwa ule haukuondoka. Ulikaa nyikani, na mwaka hata mwaka ukaua ndama wa nyumbu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ng'ombe wa wafugaji walichanjwa. Hakuna aliyemchanja nyumbu. Lakini sotoka ilipokoma kwa ng'ombe ilikoma kwa nyumbu vilevile, maana nyumbu walikuwa wakiipata kwa ng'ombe. Mwaka 1961 walihesabiwa nyumbu wapatao robo milioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamefika kadiri ya milioni moja na laki tatu. Nyumbu wengi walikula majani mengi. Majani yalipopungua, moto wa kiangazi ulikosa kuni. Moto ulipopungua, miti michanga ilipata nafasi ya kukua katika mahali palipokuwa pakiungua kila mwaka. Mwaka 2011 ulimwengu mzima ulitangazwa kuwa umeondokana na sotoka.

Angalia jambo lililomo katika habari hiyo. Mtoto wa mfugaji wa wilaya ya Serengeti huambiwa tangu utotoni kwamba ng'ombe wa baba yake ni adui wa hifadhi. Kumbe chanjo ya ng'ombe, iliyotolewa katika maboma ya watu kama baba yake, ndiyo iliyowajaza nyumbu katika hifadhi. Mtoto akifahamu hayo hawi tena mshtakiwa katika habari za nchi yake. Huwa mmoja wa wahusika. Wala si lazima kwanza apakiwe katika basi. Mwalimu na achague mahali penye majani karibu na uwanja wa shule, apime mraba wa mita moja, auzungushie miiba mbuzi wasiingie, na aache mraba mwingine wazi. Wanafunzi wapime urefu wa majani kila Ijumaa kwa muhula mmoja na kuandika. Mwisho wa muhula watakuwa wameona kwa macho yao kazi ya mdomo wa mnyama juu ya nchi, na watakuwa wamejifunza wastani, jedwali na mchoro wa hesabu bila kulazimishwa kukariri. Hapo ndipo safari ya kwenda Kogatende, kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wawapo kaskazini wakivuka Mto Mara, itakapokuwa na maana. Kwa sababu watakaokwenda watakuwa na swali mkononi.

Mto wenyewe ni somo la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Mara huanza katika msitu wa Mau, Kenya, ukapita nyika za Wamasai, ukaingia Serengeti, ukatoka na kupita baina ya wilaya hizi, ukapenya kinamasi kipana cha mafunjo, na baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 395 ukaingia Ziwa Viktoria. Mti ukatwao Mau hubadili maji ya kisima cha Tarime. Hakuna kitabu kiwezacho kuliingiza jambo hilo katika akili ya mtoto wa miaka kumi na miwili kama chupa ya kioo iliyojazwa maji ya mto baada ya mvua, ikawekwa dirishani mpaka tope litulie, ikapimwa kwa rula, na wiki ya ukame ikajazwa tena na kulinganishwa. Kipande cha mti kikitupwa majini katika kijito salama, na wanafunzi wakahesabu nukta kitakazochukua kwenda mita ishirini, mwendo wa maji umejulikana. Hesabu hiyo ya mwendo na wakati ndiyo ile ile iwaangushayo wengi katika mtihani, ambapo huulizwa habari za magari mawili yasiyoonekana yatokayo miji miwili wasiyoijua.

Tena yako mambo ya mto ambayo ni haki ya mtoto kuyajua kwa ajili ya usalama wake. Katika Tarime, pale Nyamongo, uko mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini yakaingia katika mto Tigithe, ambao ni mto mdogo umwagao maji yake katika Mara, na habari zake zikaenea nchi nzima. Palizuka mabishano makali juu ya madhara yake, wataalamu wakaja wakachukua maji wakaenda nayo. Mimi sitaki kuyafufua mabishano hayo hapa. Nauliza neno moja: kwa nini mtoto wa kidato cha pili wa Nyamongo, aliyekariri kwamba karatasi ya litimasi hugeuka nyekundu katika tindikali, hakuwahi kupelekwa na karatasi hiyo mpaka kingo za mto anaounywesha mifugo yake? Karatasi hiyo haiwezi kupima kila sumu, ni kweli, na mwalimu atawaambia hivyo. Lakini watakuwa wamejifunza kwamba mto huulizwa, na kwamba jibu lake huandikwa pamoja na tarehe. Watu waliozoea kuandika tarehe hawadharauliwi kwa urahisi na mgodi wala na serikali.

Kila mwaka, tarehe 15 Septemba, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara. Siku kama hizi huwa zina ngoma, hotuba na viti vya wageni chini ya turubai, na watoto wa shule husimamishwa juani tangu asubuhi ili waimbe. Nimependa kuwaona wakiimba. Ningependa zaidi kuwaona wakisimama mbele ya wageni hao na kuwasomea vipimo vya maji vya miezi kumi na miwili.

Katika historia nitapita upesi, ingawa si kwa sababu ya uhaba wa mambo. Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya kumbukumbu za nchi ya Serengeti, alionyesha jinsi wazee wa Ikoma, Nata, Isenye na Ngoreme walivyoiweka historia yao katika mahali: kilima fulani, chemchemi fulani, mti wa matambiko, makazi yaliyohamwa wakati wa njaa. Anayetaka kuisoma historia hiyo sharti atembee. Nyingi ya sehemu hizo leo zimo ndani ya mipaka ya hifadhi na mapori ya akiba, na wazee wazijuao wanazidi kuondoka duniani. Ngome ya Wajerumani pale Ikoma, magofu yake yangalipo. Upande wa Lamai, kaskazini ya Mto Mara, uliongezwa katika hifadhi katika miaka ya 1960, na waliohamishwa wana wajukuu walio shuleni hivi sasa. Tangu mwaka 2024 kuna somo jipya liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Jina ni zuri. Lakini kama mtoto wa Robanda atalisoma somo hilo akiwa ameketi, akinakili ubaoni habari za mahali pa mbali, na mzee anayejua jina la kila kilima ameketi nje ya uzio wa shule akiota jua, sioni ni historia ya nani itakayokuwa imefundishwa.

Sasa niingie katika kazi yangu mwenyewe, ambayo ni lugha. Mwanafunzi atokaye nchi hizi huzungumza Kikurya au Kingoreme nyumbani, husoma kwa Kiswahili shule ya msingi, na akifika kidato cha kwanza huhamishiwa Kiingereza. Katika kila kituo cha safari hiyo huangusha mzigo fulani njiani. Nasoma insha za wanafunzi wa chuo kikuu, vijana wenye akili kweli kweli, na ndani yake kila mti ni "mti mkubwa" na kila ndege ni "ndege mdogo mwenye rangi za kupendeza". Hawajui mgunga, hawaujui mkwaju isipokuwa katika kikombe. Baba zao huwatofautisha ng'ombe kwa rangi, kwa mabaka na kwa namna pembe zilivyojikunja, na kila tofauti ina neno lake. Mwana hana neno hata moja kati ya hayo, si kwa Kikurya wala kwa Kiswahili. Ushairi wa pwani umejaa bahari kwa sababu washairi wake waliiona. Muyaka bin Haji alipotaja chombo na dhoruba alikuwa mtu wa Mombasa, na maneno yale yalikuwa na chumvi ya kweli. Kiswahili kilipopanda bara kilipaswa kuvishwa nyika, milima na mito ya bara, na wa kukivika ni watoto waliozaliwa huko. Haiwezekani kuwapa kazi hiyo tukiwa tumewafungia ndani. Neno lifundishwalo pasipo kitu chake ni ganda. Mwanafunzi hulibeba mpaka siku ya mtihani, kisha hulitupa, wala hana kosa.

Wako watakaoniambia kwamba watoto wa kijijini wanaijua nchi tayari, kwani ndiyo wanayochungia, na kwamba shule ipo ili iwape wasichokuwa nacho. Hoja hii ina nguvu, na wengi huiona kuwa ni ya huruma. Lakini kujua kwa mchungaji ni kujua kusikoulizwa. Kijana wa miaka kumi wa Tarime anajua ng'ombe hukataa majani gani. Hajaulizwa kwa nini, na siku ajapo shuleni hugundua kwamba ujuzi huo hauna hata alama moja. Hata hupigwa kwa sababu ya harufu ya zizi iliyo katika nguo zake. Shule ingeuchukua ujuzi wake kuwa ni mtaji, ikamwonyesha jina la mmea, sababu ya sumu yake, na njia ya kuujaribu, ingekuwa imempa asichokuwa nacho juu ya alicho nacho. Sasa humnyang'anya hicho kwanza.

Na wako watakaosema kwamba jambo hili lilijaribiwa likashindikana, nao hutaja Elimu ya Kujitegemea. Hapa yafaa tusimame kidogo. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mwana wa Butiama, katika mkoa huu huu wa Mara. Alichunga mbuzi kabla hajaanza masomo Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Na mtoto huyo wa mbuzi ndiye aliyekuja kuifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 1963. Machi 1967 aliandika kwamba shule tulizorithi ziliwatenga wanafunzi na jamii yao na kuwafundisha kwamba maarifa yote hutoka kwa vitabu na kwa waliosoma. Shamba la shule alilolitaka lilikuwa ni mahali pa kujifunza: wanafunzi wapange, wajaribu, waweke hesabu, na wawe na sauti katika matumizi ya faida. Soma tena maneno hayo manne. Yaliyofanyika baadaye katika shule nyingi yalikuwa ni jembe tu. Mwanafunzi alilima, hakupanga. Alivuna, hakuona hesabu. Na faida ikaenda alikojua mkubwa wa shule. Kisha shamba lile likageuka kuwa gereza dogo la wakosaji. Kushindikana kwa jambo ambalo halikufanywa si ushahidi juu ya jambo hilo. Walioua Elimu ya Kujitegemea ni wale waliolichukua shamba wakaiacha elimu, na jembe la adhabu lililomo mikononi mwa watoto wa Tarime leo ni mabaki ya mauaji hayo.

Adui mkubwa kuliko wote, hata hivyo, hana jembe. Ana ratiba. Nazungumza juu ya kambi za masomo, zile ambazo watoto wa madarasa ya mitihani hulazwa shuleni kwa wiki nyingi, wakiamshwa alfajiri na kulala usiku, ili wajibu maswali ya miaka iliyopita. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ni kwa sehemu kubwa mtihani wa kuchagua herufi. Mtoto huzoezwa kuchagua herufi. Halmashauri hushindana na halmashauri, mkoa na mkoa, mwalimu mkuu ambaye shule yake imekuwa ya mwisho huitwa ajieleze, na yeye akirudi huwageukia walimu, nao huwageukia watoto. Hakuna katika mnyororo huu aliye mwovu. Kila mmoja anaogopa aliye juu yake. Na mwisho wa mnyororo amekaa mtoto ambaye kwa mwezi mzima hakulitazama anga. Neno "kambi" kwa asili lilikuwa la watu walio safarini, wa hema na moto wa kuni; leo tumelichukua tukalifunga ndani ya darasa na kulipiga misumari madirishani. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 una masomo ya Jiografia na Mazingira, na Sanaa na Michezo, na husifu sana vitendo. Maadamu mwalimu atapimwa kwa herufi, vitendo vitabaki katika kurasa za mtaala.

Wengine huniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kuwatoa watoto wa Kikurya nje ya darasa ni kuwarudisha katika jando. Hawa wanastahili jibu la adabu, maana wanaogopa jambo la kweli. Katika nchi hii Desemba ni mwezi wa hofu kwa wasichana. Ukeketaji umewaumiza na kuwaua wasichana. Sheria ya mwaka 1998 iliharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18, na bado wako wanaokimbilia nyumba za hifadhi Mugumu na kwingineko. Lakini tazama waliopigana na jambo hilo walifanya nini. Kituo cha Masanga, katika Tarime, huwapokea wasichana kwa kambi katika msimu huo. Huwapa mafunzo, nyimbo, michezo na sherehe ya kumaliza. Hawakuwaambia wakae ndani wakariri. Walielewa kwamba kijana anayevuka rika anataka safari, wenzake, mazoezi magumu na siku ya kushangiliwa, na kwamba asipopewa hayo na wema atapewa na wengine. Kisu kitupwe. Safari ya rika, iliyomfundisha kijana subira, njia na majina ya nchi yake, haina kosa, na shule inaweza kuichukua ikawapa wavulana na wasichana sawasawa.

Juu ya hatari sitasema mengi. Viboko na mamba wamo katika Mara, ndovu huvamia mashamba, na radi za kanda ya ziwa hazina mchezo. Watoto hao hao huchota maji mto huo huo na hutembea njia hizo hizo kwenda shule na kurudi, peke yao, pasipo mwalimu. Aogopaye hatari ana sababu moja zaidi ya kuwafundisha jinsi ya kusoma nyayo, wingu na kingo za mto. Pia wako waonao kwamba haya ni mambo ya Wazungu, ya skauti na kofia zao, kwa kuwa Baden-Powell amezikwa Nyeri. Hao niwaulize kama Mzungu ndiye aliyewafundisha babu zao kuchunga.

Imebaki habari ya fedha, ambayo ndiyo huletwa mwisho kila mara ili kuua mjadala. Kwanza, mengi niliyotaja hayagharimu kitu ila chupa, rula, kamba na mwalimu aliyeruhusiwa kutoka. Kisiwani Ukara, kaskazini ya Ukerewe katika ziwa hili hili, Wakara walijifunza kuilisha nchi ndogo watu wengi: ng'ombe walifungwa ndani wakaletewa majani, samadi ikapelekwa shambani, na mimea ya kurutubisha udongo ikapandwa katikati ya nafaka. Wataalamu wa kilimo wa wakati wa Waingereza waliyaandika hayo mwaka 1936 kwa mshangao. Hakukuwa na basi wala lango la hifadhi. Somo lilikuwa chini ya miguu ya mtoto. Shule ya Sirari iliyo mbali na pori ina kilima chake, ina soko la mpakani, ina mmomonyoko wa udongo nyuma ya choo.

Pili, vyombo vipo. Klabu za Malihai zilianzishwa mwaka 1980 kwa kazi hii hasa, kama Kenya walivyoanzisha klabu zao za wanyamapori mwaka 1968. Hifadhi za Taifa zina idara ya ujirani mwema. Katika shule kadhaa nilizozitembelea, klabu ipo kwa jina, imeandikwa ukutani kwa rangi ya kijani, na mlezi wake hana hata saa moja katika ratiba. Apewe saa hiyo, tena asubuhi, si saa kumi jioni watoto wakiwa na njaa. Mzee mmoja kwa kila kijiji aalikwe mara moja kwa mwezi, alipwe posho kama alipwavyo mgeni rasmi. Wanaofundisha walimu vyuoni wawapime wanafunzi wao kwa somo moja la nje kabla hawajawapa cheti. Kufyeka majani kwa adhabu kupigwe marufuku kwa waraka, majani yafyekwe kwa zamu na watu wote, walimu wakiwamo. Na kuhusu gari la kuwapeleka watoto wa darasa la sita hifadhini siku moja katika mwaka: kila muhula yapatikana magari, mafuta na madereva wa kuzungusha mitihani ya majaribio katika kata zote za Tarime na Serengeti. Uachwe mtihani mmoja wa mwezi Agosti, na gari lile lile, kwa mafuta yale yale, litoke alfajiri kuelekea Kogatende.